Uzio wa Shamba la Boazi

Mama yangu alitengwa na Meza ya Bwana kwa sababu ya masuke ya ngano. Wakati huo nilikuwa mwalimu Mbulu mjini. Yeye aliishi Dirma, na wakati wa mavuno alikuwa akitembea hadi shamba la ngano la serikali upande wa Basotu, karibu na ziwa. Kombaini za kuvunia zikishapita, akina mama waliingia nyuma kuokota masuke yaliyoanguka. Siku fulani walinzi waliwafukuza, siku nyingine waliangalia pembeni. Mwaka ule mlinzi aliyemkamata mama alikuwa pia mzee wa kanisa letu. Wazee wakakaa, wakasema ni wizi. Mama akahamishiwa benchi la nyuma, karibu na mlango, wanakokaa waliotengwa, hadi atakapotubu mbele ya usharika.

Hakutubu. "Ruthu aliokota shambani kwa Boazi, akaandikwa kwenye Biblia," alisema. "Mimi nimeokota, nimeandikwa kwenye daftari la wazee."

Ndipo marafiki wa kanisa kutoka ng'ambo walipowalipia washarika wachache nauli ya kwenda kuzuru Nchi Takatifu. Nilichaguliwa niandike ripoti. Nilipokwenda kuaga, mama hakutaka maji ya Yordani kama wengine. Alitaka nifike Bethlehemu, kwenye shamba la Boazi, nimwulizie mambo matatu. Niliyaandika kwa mpangilio. Je, lina uzio? Mwenye shamba aliacha masuke makusudi, au Ruthu alijichukulia tu? Na siku hizi watu bado wanaokota?

"Ukirudi, mchungaji atakusimamisha useme uliyoyaona," aliniambia. "Useme hayo."

Bethlehemu niliingia na kalamu mkononi. Mwongozaji wetu alitusimamisha barabarani, akanyoosha mkono kwenye bonde lenye nyumba za mawe na mizeituni. Shamba la Boazi ni hapo, alisema. Nikauliza ngano iko wapi. Akacheka, akasema ngano ilikuwa zamani. Tulipokuwa tunapiga picha, kikundi kingine kilisimama hatua chache kutoka kwetu, na mwongozaji wao akaonyesha kilima kilichokuwa nyuma ya migongo yetu. Niliandika vyote viwili, nikachora mshale huku na mshale kule. Bonde lilikuwa na ukuta wa mawe. Kilima kilikuwa na seng'enge.

Ndani ya ule ukuta mama mmoja mzee alikuwa ameinama, akiokota zeituni chini ya miti iliyokwisha kuvunwa. Nilifurahi mno. Nilimwomba mwongozaji amwulize kama shamba ni lake. Walisemezana kwa muda mrefu.

"Anasema ni la shemeji yake."

"Shemeji amemruhusu?"

Wakasemezana tena. Yule mama akainuka, akanitazama, akalitazama daftari langu, kisha akaja haraka akanijaza zeituni mkononi.

"Anasema nini?"

"Anasema usiandike."

Nilizifunga kwenye leso, nikafika nazo Dirma zimesinyaa. Sijamaliza shikamoo, mama alikwisha kutafuna moja, akaitema.

"Hii ndiyo akina Ruthu walikuwa wanakula?"

"Huwa zinalowekwa kwanza, mama. Nilipewa na mama mmoja aliyekuwa anaziokota."

"Haya. Uzio?"

"Upo. Ila sijui kama ndilo shamba lenyewe."

"Na huyo mama aliyekupa, alikuwa mwizi?"

"Sijui."

"Umepanda ndege kwenda kutojua," alisema, akaingia ndani.

Jumapili nilisoma yote kama yalivyokuwa kwenye daftari, mishale yote miwili. Yule mzee mlinzi akasimama.

"Mwalimu, tusaidie. Ni wizi, au si wizi?"

Nilifunua kurasa nyuma na mbele. "Mzee, sijui."

Watu wakanong'ona. Mama aliinuka kwenye benchi lake karibu na mlango. Nilidhani anatoka nje. Alikuja hadi mbele.

"Niliokota masuke," alisema. "Mzee huyu anajua, aliniona. Kama ni dhambi, nisameheni. Kama si dhambi, niombeni radhi."

Mchungaji akawatazama wazee, wazee wakanitazama mimi. Hakuna aliyejua ajibu nusu ipi. Mwishowe mchungaji alimwambia mama akae hapo hapo mbele, akaendelea na ibada, na siku hiyo mama alishiriki Meza ya Bwana. Kwenye ripoti niliacha mistari miwili wazi kwa ajili ya uamuzi wa wazee. Haikujazwa.

Mavuno yaliyofuata nilimkuta mama anakung'uta kikapu.

"Unakuja," aliuliza, "au unaandika?"

Nilimfuata. Shamba la serikali halikuwa na uzio wowote. Ngano iliishia tu pale trekta lilipogeukia. Nilikuwa bado natafuta mpaka kwa macho nilipomwona yule mzee mlinzi amesimama upande wa pili wa shamba, ametuona.

"Shikamoo mzee!" nilipaza sauti.

"Marahaba," alijibu, akageuka akatazama upande wa ziwa.

Mama alikuwa ameshainama.