Mkopo Ambao Baba Mkwe Hakuutoa

Ningaliweza kukataa kuibeba ile karatasi. Mwenye kampuni ya kusaga mahindi hapa Kitale, ambako nilikuwa karani, aliiweka mezani kwangu akasema, "Wewe una wakwe Bungoma. Mzee mmoja atatosha." Alikuwa ameniahidi ukarani mkuu. Nikajibu, "Nitampata."

Kampuni ilikuwa imekopa benki, lakini pesa hazikufika kinuni. Zilimjengea mwenye kampuni nyumba yake. Afisa wa kodi ya mapato akagundua. Riba ya mkopo ulioiletea kampuni faida huondolewa kwenye faida kabla ya kodi kukatwa. Riba ya nyumba ya mtu haiondolewi, na kodi ikapanda. Basi mwenye kampuni akataka kuwe na mkopo mwingine vitabuni, wa kununulia injini ya kinu, kutoka kwa mkulima fulani, ili riba yake ipunguze kodi. Mkopo huo haukuwepo; ile karatasi ndiyo ingeuthibitisha.

Baba mkwe alikuwa mzee wa kanisa, upande wa Kanduyi huko Bungoma, na Kiingereza hakukisoma. Nilimkuta akipukuchua mahindi.

"Baba, ni karatasi ya kazini. Inataka kidole chako."

"Inasema nini?"

"Kwamba unanijua."

Akacheka. "Nimekupa binti, nitakosaje kukujua? Lete huo wino."

Kwetu, mkwe akija na ombi, kumhoji sana ni kumwaibisha. Nililijua hilo. Ndiyo maana nilimchagua yeye.

Miezi michache baadaye afisa alikwenda kuhakikisha, nami nikachukuliwa nibebe vitabu. Mzee aliitwa mbele ya chifu, ndugu zake wakisikiliza.

"Mzee, uliikopesha kampuni hii pesa za injini?"

Alinitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu.

"Niliikopesha," akasema.

"Ulizitoa wapi?"

"Niliuza ng'ombe."

Afisa akaandika. Lakini mdogo wake mzee alikwishasimama.

"Ati uliuza ng'ombe? Ng'ombe gani, si ni za baba yetu? Nilikuja kwako kuomba karo ya kijana, ukasema huna hata senti. Kumbe pesa ziko Kitale zinazaa!"

"Mzee wa kanisa bana," mwingine akadakia, "na riba anakula!"

Watu wakacheka. Mzee akanigeukia. Alingoja mimi niseme. Neno moja langu lingemwondolea aibu, na lingeninyima kazi, labda hata kunifunga. Nilikusanya vitabu nikaingia kwenye gari la afisa.

Kanisa lilimvua uzee. Ndugu zake hawakukanyaga tena uani kwake, wala mzee hakuniuliza lolote hata siku moja; nikienda kumwamkia alinikaribisha chai kama zamani. Alipofariki, ndugu hao walikataa kushika jembe. Kaburi lilichimbwa na vibarua wa kulipwa.

Hapo ndipo nilipomwambia mke wangu ukweli. Alinisikiliza hadi mwisho, akafunga nguo zake, akawachukua watoto, akarudi kwa mama yake. Hakurejea.

Ukarani mkuu niliupata. Nilimpoteza mke na wanangu, na mtu mwaminifu kuliko wote niliowahi kuwajua alizikwa akiitwa mwongo na mchoyo, kwa ajili yangu.