Maharagwe Elfu Moja na Tisa

Jumapili moja mwaka huu, baada ya kanisa, mjukuu wangu wa kike alikuwa amefunga mkoba kurudi shule Bungoma. Alikuwa amekaa kwangu huku Kitale siku nne za mapumziko ya katikati ya muhula. Akaniletea kitabu cha hesabu nisaini kwamba kazi ya nyumbani ameimaliza. Bila saini, mwalimu hamruhusu kuingia darasani.

Swali lilitaka aonyeshe kama elfu moja na tisa inagawanyika sawasawa. Yeye alikuwa ameandika mstari mmoja: haigawanyiki, ila kwa moja na kwa yenyewe. Basi. Nikamwambia huo ni uvivu, na pengine ni uongo, sisaini. Nambari kubwa hivyo ikose wa kuigawa? Mimi nimepanda shamba kwa kunyoosha kamba tangu niolewe, sijaona mbegu za kukataa mistari.

Nikatandaza gunia uani, tukahesabu maharagwe elfu moja na tisa, mara mbili. Nikapanga mistari ya saba saba. Likabaki moja. Ya nane nane, likabaki moja. Tisa tisa, moja tena. Nikamtazama, maana nilidhani ananiongezea. Alikuwa amekalia mikono yake.

Nikaliokota lile lililobaki, nikalitupia kuku, nikaweka lingine mahali pake.

"Kukhu, hata ukibadilisha," akasema, maana kwetu bibi huitwa Kukhu. "Si makosa ya hilo haragwe."

"Ni makosa ya nani?"

"Si ya mtu yeyote."

Hapo akanichanganya kabisa. Kitu kikatae na hakuna aliyekiharibu? Akaniambia nitoe moja nione. Nikatoa, na saba, nane, tisa zote zikakaa sawa. Nikarudisha, zikakataa. Nikajaribu kumi na moja, yakabaki manane. Kumi na tatu, manane vile vile. Kichwa kikaanza kuniuma.

Yeye akasema amejaribu kwa kalamu mpaka thelathini na moja, na hapo inatosha. Nikamuuliza, na arobaini je, na hamsini, hizo amemwachia nani? Akasema kama mistari ya arobaini arobaini ingekaa sawa, mistari yenyewe ingekuwa ishirini na kitu tu, na hiyo ishirini na kitu ameshaijaribu.

"Zunguka upande ule, Kukhu, uangalie kutoka huko."

Nikazunguka gunia. Kutoka huko, ile ya kumi na tatu kumi na tatu ikawa mistari kumi na tatu tu, mirefu. Nikaona, kisha ikanipotea. Nikazunguka tena. Msichana akaficha mdomo kwa leso, akicheka.

Muda ulikuwa unaenda na mama yake alikuwa anamngoja Bungoma. Nikachukua kalamu, nikaandika polepole penye saini: Nimejaribu kwa maharagwe. Sielewi, lakini mtoto hajadanganya.

Akasoma, akalalamika ati watamcheka, si pale panatakiwa jina tu.

Nikamwambia nikiweka jina tu, mwalimu atafikiri nimeelewa.