Mkono wa Bwana Futi

Bwana Futi hakukatwa mkono na msumeno, na siku ile hakuwa amelewa. Tangu azikwe, watu wamekuwa wakilizungumza jambo hili kwa raha, kila mmoja akitia chumvi yake, hadi mtu aliyekijua kileo kwa harufu tu amegeuzwa mlevi aliyesinzia juu ya mashine yake mwenyewe. Wengine, ambao angalau wanajua kwamba ilikuwa msituni na si kiwandani, wanasema alimwacha ndugu yake kwenye hatari akakimbilia kuzima injini ili dizeli isiishe. Wanacheka wakisema hivyo. Basi yaandikwe yalivyokuwa, na mwenye kutaka kucheka baada ya hapo acheke akijua anacheka nini.

Aliitwa Bwana Futi kwa sababu futi yake ya kupimia haikutoka mfukoni hata siku ya arusi. Mkewe, mwalimu wa shule ya msingi, aliiona imetokeza kwenye koti la suti wakati wa kupiga picha, akamnong'oneza aitoe. Akajibu kwamba bila hiyo hawezi kusimama sawasawa. Kiwanda chake kilikuwa paa la mabati juu ya nguzo, hakina kuta. Chini yake kulikuwa na msumeno mrefu wa mkanda, reli ya kusukumia magogo, na lundo la unga wa mbao ambalo kuku wa jirani walilifanya kwao. Gogo likifika alilizunguka kwanza, akaligonga, akainama kutazama lilivyopinda, ndipo akasema lilazwe upande gani. Banzi la kwanza likidondoka na harufu ya utomvu ikapanda, uso wake ulilegea kidogo. Mbao zikishatoka zote alizipima upya, ingawa msumeno ulikwisha kuzipima. Alizaliwa na wasiwasi. Akishafunga mlango wa nyumba alirudi kushika kitasa, akaenda kulala, akarudi tena. Mkewe alimwambia mwizi atachoka kabla yake.

Waliofanya kazi naye walikuwa watu wa nyumbani. Trekta iliendeshwa na mdogo wake, ambaye tangu utotoni aliitwa Mapepe kwa kuwa hakuweza kutulia mahali. Miti ilikatwa na kaka wa mkewe, mtu mzito wa maneno, ambaye hata hivyo hakukosa neno la kumtania Mapepe. Huyo shemeji ndiye pia aliyefunga magogo kwenye trekta, isipokuwa Mapepe alipokuwa na haraka. Na kwa kuwa haraka haikumwisha Mapepe, mara nyingi aliruka chini akafunga mwenyewe.

Kuhusu kufunga, Bwana Futi alikuwa na sheria ambayo hakumwacha mtu aisahau. Mnyororo wa kuvutia gogo hufungwa chini, kwenye chuma kilicho chini ya ekseli ya nyuma. Ukifungwa juu, nyuma ya kiti, gogo huinua pua, halichimbi ardhi, na kazi inakwenda upesi ajabu. Ndiyo maana wavuta magogo wengi hushawishika. Lakini gogo hilo likinasa mahali, trekta haina pa kwenda ila juu. Inanyanyua magurudumu ya mbele, inasimama wima, kisha inamlalia dereva. Alilisema hilo kila asubuhi, hadi Mapepe akawa anammalizia maneno kwa sauti yake ileile ya kukwaruza, na shemeji anaitikia kama kanisani.

Wiki ile walikuwa wakivuna misonobari kwenye mteremko ulio juu ya kiwanda. Mvua ilikuwa imenyesha mfululizo na udongo ukawa kama sabuni. Tena trekta ilikuwa na ugonjwa wake. Waya wa kuzimia injini, ule unaovutwa kutoka kwenye kiti, ulikuwa umekatika. Ili kuzima, ilibidi mtu ashuke, aingize mkono chini ya boneti, na kusukuma kijiti kidogo kwenye pampu ya dizeli mpaka injini ife. Bwana Futi aliahidi kuweka waya mpya Jumamosi. Hili halifichwi hapa. Yeye mwenyewe hakulificha.

Asubuhi hiyo alikuwa akipasua mbao za madawati, lakini akili yake ilikuwa juu mlimani. Alisikiliza trekta kuliko alivyosikiliza msumeno. Mara mbili aliusimamisha mkanda katikati ya gogo, jambo ambalo hakulipenda hata kidogo, ili asikie vizuri. Mara ya tatu akasikia injini ikinguruma kwa nguvu, kisha ikashuka ghafla na kubaki ikitetema palepale. Akavua aproni akapanda mlima bila kumwambia mtu.

Gogo lilikuwa limenasa nyuma ya kisiki. Trekta ilikuwa imenyanyuka, Mapepe akawahi kukanyaga klachi, pua ikashuka, lakini haikufika chini. Gurudumu moja la mbele lilikuwa limekaa juu ya kisiki kingine, na trekta nzima imeinamia upande wa korongo. Mnyororo ulikuwa umekazika mpaka unalia. Bwana Futi aliutazama kuanzia kwenye gogo, akaufuata kwa macho hadi ulipofungwa. Ulikuwa umefungwa juu.

Shemeji alikuwa amesimama nyuma na shoka, anatafuta pa kupiga ili aufungue.

"Shemeji, uache huo mnyororo," Bwana Futi alimwambia taratibu. "Huo ndio unaomshikilia asiangukie korongoni."

Mapepe alikuwa kwenye kiti, mguu mmoja kwenye klachi na mwingine kwenye breki, mikono miwili kwenye usukani, rangi imemtoka. Gia ilikuwa imeuma na haitoki. Klachi yenyewe ilikuwa imechoka, kwa hiyo hata ikikanyagwa yote magurudumu ya nyuma yalijitikisa kidogokidogo, na kila yalipojitikisa lile la mbele lilisogea juu ya kisiki, likimenya gome. Akiinua mguu wa klachi, pua itapanda. Akiinua wa breki, atarudi nyuma juu ya gogo. Akiruka, ameinua yote miwili.

Dawa ilikuwa moja. Injini ikizimika ndani ya gia, gia itayashika magurudumu, na Mapepe ataweza kushuka. Lakini pampu ilikuwa upande wa chini, upande wa korongo, pale ambapo trekta ingelala kama ingelala.

Ndiyo hiyo injini wanayoichekea.

Shemeji alisema ataingia yeye. Bwana Futi alikataa; alisema mikono ya shemeji ni mikubwa, haipiti chini ya boneti. Huenda ilikuwa kweli. Akamwagiza asimame upande wa juu, amshike Mapepe mkanda wa suruali, na amvute atakapoambiwa. Kisha akashuka akizunguka kwa mbali, akipima kila anapokanyaga. Chini ya ubavu wa trekta kulikuwa na tawi nene lililokatwa, akalisogeza kwa mguu likae karibu, ili trekta ikilala ilikute. Hakuwa na cha kuweka zaidi ya hicho.

"Kaka," Mapepe alisema, "mguu unatetemeka."

"Uache utetemeke. Usiuinue tu."

"Siuhisi tena."

"Uko hapohapo, mimi nauona. Mguu wenyewe mbaya, hauwezi kupotea."

Mapepe akajaribu kucheka, trekta ikasogea, akakaza mikono kwenye usukani. Kaka yake alifungua upande wa boneti. Joto la injini lilimpiga usoni. Alipenyeza mkono wa kulia kati ya mabomba na bodi, akapapasa, akakikosa kijiti, akapapasa tena. Gome lilimenyeka juu ya kisiki, vipande vikamwangukia begani. Alisema baadaye kwamba wakati ule hakumwogopea Mapepe wala hakujiogopea. Alichowaza ni mama yao, aliyekuwa nyumbani akichambua mchele, na namna ambavyo angeinua uso akimwona anaingia mlangoni peke yake.

"Ukinifia hapa mama atanila mimi," alisema. "Kwa hiyo sikiliza. Injini ikinyamaza usiruke. Ngoja niseme."

Akakipata kijiti akakisukuma. Kijiti kile kina springi. Ukikiachia kabla injini haijafa kabisa, hurudi na injini hufufuka. Kwa hiyo alikishika. Injini ikakohoa, ikapungua, ikakohoa tena, yeye bado ameshika. Ikanyamaza. Msitu mzima ukawa kimya, na katika kimya kile wote watatu wakasikia kisiki kikipasuka.

"Sasa," alisema.

Shemeji alimvuta Mapepe kama gunia, wakaangukiana upande wa juu. Uzito ulipotoka kwenye kiti, gurudumu likatereza na trekta ikalala. Tawi liliizuia isimlalie mwili. Bwana Futi alikuwa amekwisha kujirusha nyuma, na kiwiliwili chake kilitoka salama. Mkono haukuwahi.

Walimtoa kwa kabari na jeki. Hospitali haikuweza kuuokoa mkono, ukakatwa.

Alipozinduka wodini, mambo yalikuwa yameshaharibika kwa namna nyingine. Shangazi yake alikuwa amekaa upande mmoja wa kitanda akisema wazi kwamba kufunga mnyororo ni kazi ya mkata miti, kila mtu anajua, na kwamba mtu wa ukweni ndiye aliyetaka kumaliza watoto wa kaka yake. Upande wa pili alikaa baba mkwe, mikono juu ya fimbo, akijibu kwamba mwanawe hajawahi kufunga juu, na wenye haraka wanajulikana. Mapepe na shemeji walisimama mlangoni, kila mmoja akitazama sakafu. Mwalimu alikaa miguuni pa mumewe. Ukoo uliomwoa ulikuwa kushoto kwake na ukoo uliomzaa kulia, na wote walimkazia macho, wakingoja aseme neno moja tu wapate pa kuanzia. Alikuwa na hofu kuliko alivyowahi kuwa. Aliona arusi yake ikifumuliwa uzi mmoja mmoja mbele ya wagonjwa wa watu.

Bwana Futi aliwaacha wamalize.

"Mnyororo ulifungwa na kiwanda," alisema. "Na kiwanda ni changu."

Shangazi akasema hilo si jibu. Akamjibu, kwa heshima zote, kwamba analo hilohilo tu, na kwamba atakayeuliza tena asije kumwona. Shangazi alikaa miezi bila kukanyaga nyumba ile. Baba mkwe vilevile.

Bwana Futi aliporudi kazini alikuta lile gogo bado liko mteremkoni. Hakuna aliyetaka kuligusa, walitaka lichomwe. Alisema litashuka, litapasuliwa. Trekta ilikuwa imetengenezwa, na waya wa kuzimia uliwekwa, aliuvuta mwenyewe kwa mkono wa kushoto mpaka ukamchosha. Mapepe alikataa kupanda. Hawakugombana. Bwana Futi alikaa tu juu ya kisiki, kigutu cha mkono kimefungwa bendeji, akasema ana muda. Hatimaye Mapepe alipanda. Mnyororo ulifungwa chini, na Mapepe na shemeji wakauangalia, kila mmoja baada ya mwenzake. Gogo lilipoanza kutambaa, Bwana Futi aliinuka, jasho likimtoka kama yeye ndiye anayelivuta, akatembea kandokando yake mpaka kiwandani.

Huko pakatokea tatizo ambalo hakulitegemea. Futi haivutwi kwa mkono mmoja. Akamwita shemeji ashike ncha hii, na Mapepe ashike ile. Walikuwa hawajasemezana tangu wodini. Wakapima gogo kwa kutajiana namba tu, na yeye akisema lizungushwe, bado kidogo, basi, pasueni. Mbao zilitoka nyeupe, zimenyooka, na ndizo madawati ya shule mpaka leo. Mpaka ugonjwa wa kifua ulipomchukua, miaka mingi baadaye, watatu hao waliendelea kufanya kazi chini ya paa lile, na hakuna aliyemsikia akimlaumu mmoja wao.

Sasa amekufa, na swali limefufuliwa. Limeanza msibani kabla hata viti havijarudishwa. Wanakuja mmoja mmoja, wa upande huu na wa upande ule, wanakunywa chai, wanasifu marehemu, kisha wanasogeza kiti. Mwalimu, wanasema, wewe lazima ulijua. Mtu hamfichi mkewe.

Hakumficha. Alimwambia mara moja, wakiwa wamekaa kizingitini, nani alifunga mnyororo ule juu. Mkewe anajua. Na katika nyumba hii jina hilo halitasemwa, si kwa chai wala kwa machozi, si leo wala baadaye.