Mwanamke wa Tatu Kutoka Kushoto

Filamu ilianza saa tisa na dakika kumi na mbili alasiri, siku ya Jumamosi, katika ukumbi mmoja wa Tabora mjini ambao zamani ulikuwa wa dansi na siku hizi hukodishwa kwa harusi. Nayajua mambo ya dakika kwa sababu mimi ndiye niliyefunga spika. Kazi yangu ni kutengeneza redio na vipaza sauti, pale Ng'ambo. Sikuisomea shuleni, nilijifunza kwa vitabu vya mitumba na kwa kuharibu vitu vyangu mwenyewe kwanza. Madirisha tuliyaziba kwa mablanketi, na ukutani tukatundika shuka jeupe.

Filamu yenyewe ilihusu bendi yetu ya dansi, iliyoanza kupiga kabla sijazaliwa na bado inapiga, ingawa wa kikosi cha zamani wamebaki wawili tu. Kijana aliyeitengeneza alitoka Dar es Salaam. Alihangaika nayo miaka minne, akaona ni haki watu wa Tabora waione kwanza.

Nilikwenda na mpwa wangu, binti wa marehemu dada yangu. Ni fundi cherehani, ana miaka thelathini na mbili. Mama yake alifariki yeye akiwa hajatimiza miaka mitatu, tukamlea mimi na mama yangu. Hamkumbuki hata kidogo. Anayo picha moja: dada amesimama mlangoni, mdomo kaufumba, amevaa kitenge cha njano chenye maua ya bluu na kilemba cha kitambaa hicho hicho. Hiyo ilikuwa sare ya akina mama washabiki. Walikuwa kumi na wanne, wakikata kitambaa kutoka jora moja, na bendi ikisafiri nao wanapanda treni.

Kijana alikuwa amenieleza kwenye simu kwamba amepata mkanda wa Urambo, uliopigwa na mgeni aliyekuja kuangalia masoko ya tumbaku, na kwamba ndani yake kuna wanawake wa sare ya njano wanacheza. Sikumuuliza ni wa mwaka gani. Nilimwambia mpwa wangu siku ile ile, na tangu hapo hakuwa na habari nyingine. Alitaka kumwona mama yake akitembea.

Watu walijaa. Wengi ni wazee sasa, wengine walikuja na fimbo, lakini taa zilipozimwa walirudia ujana wao. Mpiga tarumbeta mstaafu alipoonekana akisema wimbo fulani aliutunga peke yake, mzee mmoja akasimama.

"Mwongo! Siku hiyo hana hata viatu, viatu nilimwazima mimi!"

"Kaa chini, tunaona kichwa chako tu!"

"Kichwa hiki kilikuwa kinalipa kiingilio wewe unachungulia dirishani!"

Walicheka. Alipotokea mwimbaji wao aliyefariki, vicheko vikakatika. Mama mmoja akaenda mbele polepole, akabandika noti ya elfu moja kwenye paji la uso lililokuwa shukani, kama alivyokuwa akimtunza enzi za uhai wake. Noti ikaanguka. Akaiokota, akaibandika tena, ikaanguka tena. Mtu mmoja alianza kulia, na baada yake wengi.

Kisha ukaja mkanda wa Urambo. Wanawake saba kwenye mstari, vumbi miguuni, nyuma yao marobota ya tumbaku. Wa tatu kutoka kushoto alijifuta jasho kwa ncha ya kilemba, akaiangalia kamera, akacheka. Alikuwa na mwanya.

Mpwa wangu alinishika mkono. "Mjomba, ni yule. Ana mwanya wangu."

"Ndiye! Ndiye kabisa!" wakasema waliokaa karibu, watu wa huruma, ambao wengi wao hata hawakumjua dada.

Mwenyekiti wa akina mama wale alikuwa amekaa nyuma yetu. Nilisikia tu mkono wake umenikandamiza bega.

Filamu ilipokwisha, wengine walibaki wakiimba. Kijana alikuwa akiiuza kwenye flashi, shilingi elfu ishirini. Mpwa wangu akafungua pindo la khanga, akalipa, akamwomba amwonyeshe tena kile kipande kwenye kompyuta yake. Kijana akakirudia mara tatu. Kila mara ni sekunde tisa. Mara ya tatu mpwa wangu aliinama mbele ya kioo, akasema kwa sauti ndogo, "Shikamoo, mama."

Hapo ndipo niliposema.

"Yule si mama yako. Yule alikuwa jirani yetu, alihamia Kaliua. Mwanya wako umeupata kwa baba yako."

Hakugeuka. "Mama ni yupi basi?"

"Hayupo. Safari ile hakwenda. Ulikuwa na surua. Nilimsindikiza zahanati siku hiyo, wewe ukiwa mgongoni mwake."

"Kwa hiyo ni mimi niliyemzuia."

"Sikusema hivyo."

"Lakini ndivyo ilivyokuwa, mjomba."

Nilitaka kumwambia kwamba dada aliipenda bendi ile kuliko chakula, na bado alibaki naye. Sentensi hiyo nilikuwa nayo kamili kichwani. Nilipofungua mdomo alikuwa ameshamgeukia kijana.

"Kaka, hakuna mkanda mwingine? Wa siku nyingine?"

"Hakuna, dada. Ulikuwa huo mmoja."

Akaiweka flashi mezani. Kijana akamwambia aichukue tu, akakataa, basi kijana akafungua pochi na kumrudishia noti zake mbili.

Mwenyekiti alinivuta pembeni, karibu na spika zangu. "We fundi, ungenyamaza ungepungukiwa nini? Mimi nimemtambua huyo tangu anainua mguu, nikafunga mdomo wangu."

"Sikutaka anunue picha ya mtu baki, dada."

"Mtu baki! Waliomnyonyesha mtoto huyu, mama yake alipokuwa anaumwa, ni akina nani?"

Miaka yote nimeamini kwamba kosa likijulikana huondolewa, na kitu hufanya kazi tena. Hapa nililiondoa kosa, na hapakubaki kitu.

Tulitoka saa kumi na mbili kasoro dakika tano. Alitembea hatua chache mbele yangu na hakunisemesha mpaka mlangoni kwake. Pale alisema, "Lala salama, mjomba," jua likiwa bado linawaka, akaingia ndani.

Nilichomwokolea siku ile ni shilingi elfu ishirini.