Raimundi na Kitabu cha Kompyuta

Mume wa mdogo wangu anaitwa Raimundi, na zamani alikuwa karani wa chama cha ushirika, siku zile kahawa yote ya huku kwetu Mbinga ilipopita kwenye mzani mmoja. Mzee wa miaka sabini alikuwa akimpa heshima zote, naye anaitikia bila kuinua kichwa. Baadaye wakaruhusiwa wanunuzi binafsi, wakaja na mizani yao na magari yao, chama kikafa, na Raimundi akabaki na shati jeupe. Miaka minane alisema anasubiri kazi ya hadhi yake. Aliyekuwa akimlisha katika kusubiri huko ni mdogo wangu Ottilia, na hadhi yake hakuna aliyeiuliza.

Mwaka elfu mbili na nne parokia ikapata kompyuta sita za msaada, na Sista Clemence akafungua kituo karibu na ukumbi. Vijana waliosoma kompyuta Songea wakaenda kuzitazama, wakarudi wamenuna. Hazikuwa na Windows waliyoizoea. Zilikuwa na kitu kinaitwa Linux, picha zake ni nyingine, mambo yake yamekaa kwingine, na kitabu chake cha Kiswahili hakuna mtu aliyewahi kukiona. Basi Sista akatangaza baada ya misa kwamba anatafuta mwalimu. Anayetaka kazi aandike kitabu kidogo, cha kumwezesha mtu asiyewahi kugusa kompyuta aandike barua na kuihifadhi. Atapewa mwezi mmoja. Kisha watakaa watu watatu wasiojua kitu, wafuate kitabu, na mwandishi akae nyuma amefunga mdomo. Wakiweza, kazi ni yake.

Raimundi alikuwa na cheti cha kompyuta cha wiki mbili, na hakutokea mwingine. Alitoka kanisani akitembea kama mtu aliyekwisha kuajiriwa.

Kurasa saba za kwanza aliziandika nyumbani, bila kufika kituoni. Zilikuwa juu ya kompyuta na maendeleo ya taifa. Nilizisoma zote nikisubiri chai, maana darasa la saba nilimaliza na kusoma najua, nikafika mwisho sijawasha chochote. Nikamuuliza shemeji, mtu anawashia wapi. Akaniambia kwamba hayo niliyosoma ni utangulizi, na utangulizi si wa kila mtu.

Kituoni nako alishindwa siku ya kwanza. Alishika mausi, dirisha likapotea kwenye skrini, akaiachia kama ameshika kaa la moto. Kesho yake akamchukua Ottilia.

Sasa lazima nieleze ngolo, kwa ajili ya wasiotoka huku. Sisi Wamatengo shamba la mteremkoni tunalima wawili. Mwanaume anafyeka, anazipanga nyasi chini kwa miraba, kazi yake imekwisha, anakwenda kukaa. Mwanamke anakuja na jembe, anachimba katikati ya kila mraba na udongo wake anafukia zile nyasi. Sijaona mwanaume aliyeuliza mkewe amechimbaje. Anaona matuta yamesimama, anasema nimelima. Wale wawili waliigawana kompyuta vilevile, na wala hawakukubaliana kwa maneno. Ndivyo miili ilivyozoea.

Raimundi alikaa pembeni na daftari, mguu juu ya mguu. Anasema fungua. Ottilia anahangaika mpaka panafunguka. Raimundi anaandika: Fungua. Anasema hifadhi. Ottilia anatumia alasiri tatu kutafuta barua inakoenda ikihifadhiwa, huku bwana anaangalia wapita njia dirishani. Alipoipata, Raimundi akaandika: Hifadhi. Jasho la siku tatu likawa neno moja.

Mimi, mfanya usafi wa parokia, nilikuwa nadeki ukumbi, nikamsikia mdogo wangu akisema, "Baba Jacqueline, kabla ya hapo nimebonyeza sehemu mbili. Umeziandika?"

"Hayo ni mambo ya mikono, Mama Jacqueline. Mtu mwenyewe ataona."

Kitabu kikatoka na jina lake juu, limeandikwa kwa wino mwekundu, na chini yake Mtaalamu.

Siku ya jaribio Sista alileta Mzee Tadei, mkulima kutoka Ruanda ya hapa hapa Mbinga, Hedwiga anayeuza chakula Kitai basi zinaposimama, na Aidan wa Liuli, aliyepanda milima kuuza usipa, vile visamaki vya ziwa. Walisoma utangulizi karibu nusu saa. Ukurasa wa nane ukasema: Washa. Walipapasa lile sanduku mbele na nyuma mpaka Aidan akabahatisha. Skrini ikataka jina na neno la siri. Kitabu kikasema: Ingia.

Mzee Tadei akaandika jina lake la ubatizo, la baba yake na la ukoo, kwa kidole kimoja, akaweka mikono magotini akisubiri kukaribishwa. Hedwiga akarudi kusoma maendeleo ya taifa.

"Mama," Aidan akamwuliza Hedwiga, "hapo tunaingia na mguu gani?"

Watu wakacheka. Raimundi akasimama akisema hawakusoma kwa makini. Sista akamwambia akae.

Mzee Tadei akakifunga kitabu kwa adabu. "Sista, kitabu ni kizuri. Kimenieleza kwamba kompyuta ni kitu cha maana. Nilitaka tu kuiona."

Ndipo Sista akamtaka Raimundi aje mwenyewe, afuate kitabu chake. Akaja. Akanyoosha kola, akakaa, akaitazama skrini muda mrefu kama mtu aliyesahau sala ya kitubio. Lile jina la kuingilia hakulijua. Akageuka dirishani, ambako mkewe alikuwa amesimama nje na kikapu.

"Mama Jacqueline, njoo umalizie hapa."

Alisema hivyo mbele ya wote, wala hakuona tatizo. Ottilia akaja ndani, akaweka kikapu chini, akafuta mikono kwenye kitenge, akakaa. Aliandika jina la kuingilia na neno la siri, skrini ikafunguka, akaandika barua fupi, akaihifadhi, akafunga, akafungua tena, barua ile ile ipo. Sista alikuwa anamwangalia vidole.

"Mbona hayo hayamo kitabuni?"

"Yeye alikuwa anasema, mimi nafanya, Sista. Kilichoandikwa ni alichosema."

Sista akampa daftari na wiki moja. Mstari wake wa kwanza ulisema: Kaa. Kuna kitufe cha duara mbele ya sanduku, kibonyeze mara moja, toa kidole, usubiri. Utangulizi haukuwepo. Wakaletwa watu wengine watatu, wageni kama wale wa mwanzo, na wote wakaandika barua zao. Mama mmoja akataka na ya pili.

Kazi ikawa ya Ottilia. Raimundi akatangaza mjini kwamba tumeajiriwa. Juzi nilimkuta mlangoni pa kituo akiwaamuru wanafunzi wafute miguu, na mgeni akiuliza, anajibu kwamba yeye ni msimamizi. Sista hajamkataza. Sakafu kweli inabaki safi, na mimi ndiye ninayeideki.