Chumba cha Agostino

Castelrosso, kijiji kilichobanwa kati ya milima ya Cilento, kusini mwa Italia, na bahari, hakuna anayefunga mlango. Ufunguo hukaa kwenye kitasa, upande wa nje, usiku na mchana, na anayeutoa huulizwa kama ameficha maiti ndani. Carmosina Mautone alizaliwa akaukuta ufunguo pale, na amezeeka nao pale. Ndiyo maana siku ile ya Julai, aliporudi kutoka ghala la kutia dagaa chumvi, akinuka samaki kuanzia utosini hadi unyayoni, hakushtuka kuukuta mlango umerudishwa tu. Kilichomshtua ni viatu.

Jozi mbili, zimetupwa ovyo sebuleni. Taulo mbichi juu ya kiti cha marehemu mumewe. Na mlango wa chumba cha mbele, chumba cha Agostino, uko wazi!

Msije mkadhani kile ni chumba cha hivi hivi. Agostino ni kaka yake, aliyeondoka kijana kwenda Argentina. Mama yao akiwa anakata roho alisema chumba chenye dirisha la baharini ni cha Agostino na damu yake, basi. Kwa hiyo Carmosina akawa anakipaka chokaa kila Pasaka na kufua mashuka yake, wala yeye mwenyewe hakuwahi kulala humo. Watalii wachache waliopotelea pwani ile walipobisha kuulizia malazi, aliwajibu hakuna, na huku sufuria lake halina nyama. Lakini midomo ya watu haina nanga. Mmoja akamfikishia Agostino uongo kwamba dada yako anapangisha fungu lako. Mzee akanuna, simu akaacha kupokea, na miaka ikaenda. Carmosina alibaki na ombi moja kwa Mungu: mtu wa Agostino aje, akione chumba kwa macho yake, kabla yeye hajafukiwa.

Sasa alichungulia. Kitandani, juu ya mashuka yaliyotariziwa na mama yake, msichana na mvulana wamelala fofofo, midomo wazi.

Alitoka mbio hadi kwa jirani yake Nunziata.

"Nunzia! Nunzia we! Kuna watu kwangu!"

"Wezi?"

"Wezi gani wanakoroma?"

"Wakoje?"

"Wembamba, nywele nyeusi. Kuna kitabu chao pale, kimeandikwa Kihispania."

Nunziata alijipiga mapaja. "Shoga, umelogwa? Si ulisikia kwa watu tangu Pasaka kwamba mtu wa Agostino atakuja kiangazi hiki? Huko Argentina wanasema nini, Kichina?"

Carmosina alikaa palepale kwenye ngazi. Alitaka kucheka, kikatoka kilio.

Mwingine angewaamsha akawauliza majina ya baba zao. Castelrosso, kumhoji mgeni kabla hajashiba ni kumwambia toka. Na akishashiba, utamhoji vipi mtu ambaye umeshambusu mashavu yote mawili? Kwa hiyo hakuuliza. Aliloweka mkate mkavu, akaukatia nyanya, akafungua chungu cha dagaa alichokuwa anakiwekea Krismasi. Vijana walipotoka chumbani wakipikicha macho, aliwakumbatia mpaka mifupa ikalia.

"Wanangu! Hatimaye mmekuja!"

"Tumekuja," alisema msichana, Begoña, kwa Kiitaliano cha kuokoteza, akimtazama mwenzake Iker kama anayeuliza: ndivyo walivyo huku?

Ndivyo tulivyo. Walikula mpaka wakalegeza mikanda. Carmosina aliwaonyesha dirisha, akawaonyesha alama ukutani ambako Agostino alipimwa urefu, naye Begoña akaigusa kwa kidole, na bibi akalia tena. Nunziata alileta jibini. Mtaa mzima ulipita kuwatazama, na kila mmoja akaapa kwamba mvulana ana pua ya Mautone. Pua ya Mautone! Watu wa kijiji wakiamua kuona kitu, hata kipofu hukiona.

Siku ya pili, katikati ya chakula cha mchana, hodi ikabishwa. Msichana mmoja amesimama na begi mgongoni, jasho linamtiririka, macho yanamruka Carmosina na kutazama ndani.

"Samahani, mama. Mnacho chumba kinachotazama bahari?"

Siku nyingine Carmosina angemwingiza, ampe walau maji. Lakini furaha nayo hulevya. Alijibu akiwa bado na uma mkononi:

"Kimejaa, mwanangu! Watu wangu wamekuja, damu yangu! Jaribu kwa Gerardo, ng'ambo ya kichochoro."

Msichana aliitazama meza, akawatazama wale wawili wanavyocheka. "Basi, asante," alisema, akashuka ngazi. Na Carmosina akarudi kugawa supu.

Jumapili baada ya misa, Gerardo, mwenye nyumba ya kupangisha ng'ambo ya kichochoro, alipita na bajaji yake ya mizigo. Alipowaona vijana dirishani alikanyaga breki mpaka kuku wakatawanyika.

"Nyie! Si ndio nyie wa kwenye picha mliyonitumia? Wahispania wangu, wa Bilbao! Mlipotelea wapi?"

Iker alichomoza kichwa. "Gerardo ni wewe? Basi huyu bibi ni nani?"

"Shangazi Carmosina! Nyumba yangu ni ile pale. Niliwaandikia: mlango wa kijani, chini ya tao, ufunguo uko mlangoni!"

"Huu ni wa kijani," Iker alisema. "Uko chini ya tao. Na ufunguo ulikuwa mlangoni."

Gerardo aliangalia mlango wa Carmosina, akaangalia wake, akaangalia ya mtaa mzima. Alivua kofia. "Mama yangu mzazi," alisema.

Carmosina alikuwa kizingitini, amesikia yote. Begoña alimfuata, uso umemwiva kwa aibu, akamshika mikono.

"Bibi, tusamehe. Tulidhani ndivyo mnavyopokea wageni. Tulichagua kuja huku kwa sababu hakuna anayepajua. Kila mahali tulikokwenda watu walitutazama mifukoni. Hapa bahari nzima ni yetu, na kuna bibi anayelia tukimaliza sahani. Nilimwandikia mama yangu kwamba nimepata mahali."

Gerardo, mtu mwema lakini ulimi wake hauna breki, akadhani anamfariji.

"Usiumie, shangazi, mimi sikupata hasara. Chumba nilimpa yule msichana wa Argentina uliyenielekezea."

"Msichana yupi?"

"Wa begi mgongoni. Wa ajabu kidogo. Amekaa anatazama dirisha lako tu. Anasema babu yake kazaliwa hapa. Nimemshusha stesheni sasa hivi."

Kelele aliyoipiga Carmosina ilifika hadi kanisani. Alijipiga kofi, shavu hili na hili. Halafu, na uzee wake wote, alirukia nyuma ya bajaji, katikati ya makasha matupu.

"Endesha! Endesha, mwanaharamu we!"

Msichana alikuwa peke yake kwenye benchi la stesheni. Alipomwona bibi anashuka na aproni yake, alisimama.

"Wewe ni wa Agostino?"

"Mjukuu wake. Luján."

"Kwa nini hukusema, mwanangu? Kwa nini hukunitajia?"

"Babu alinikataza." Aliushika mkanda wa begi. "Alisema, usijitaje, omba tu chumba cha kutazama bahari. Wakikujibu hakipangishwi, nilimdhania dada yangu ubaya. Ukikuta kina watu, rudi nyumbani. Nikakikuta kina watu. Nawe ukaniambia hao ndio damu yako."

Carmosina angemweleza nini, ufunguo? Akanyoosha mkono. "Mpigie."

Luján alipiga, akampa simu. Kule ng'ambo kikohozi, kisha sauti iliyozeeka vibaya.

"Agostì, ni mimi."

"Chumba umempa nani?"

"Wageni wasionihusu," alisema Carmosina. "Kabla yao hajawahi kulala mtu humo, naapa kwa kaburi la mama. Niliwakuta kitandani nikadhani ni wako. Nimewalisha, nimewalilia, nimewabusu. Kisha wako akaja, nikamfukuza mlangoni na uma mkononi. Nitukane, kaka. Nitukane tu."

Treni iliingia ikipiga honi. Hakuna aliyesogea. Agostino aliposema tena, swali lake lilimduwaza dada yake kuliko tusi lolote.

"Wamekipenda?"

"Nani?"

"Hao wageni. Chumba. Wamekipenda?"

"Wanaamka alfajiri kukaa dirishani," alisema Carmosina. "Wanasema hawataki kuondoka."

Alisikia pumzi ya mzee inapanda na kushuka, nusu dunia kutoka pale.

"Mimi niliondoka," alisema Agostino, na akaanza kulia kwa sauti.