Siku Niliyovaa Koti la Mwongozaji

Mwalimu wetu wa nidhamu hukohoa kabla ya kuchapa, kama trekta linalokataa kuwaka asubuhi ya baridi. Mimi nilikuwa nakikohoa kikohozi hicho nyuma ya mlango, na kidato cha tatu kizima kinanyamaza. Kipaji hicho ndicho kilichonifikisha kwa niliyekuja kumwita braza, kijana wa Kifipa wa mtaa wa Chanji aliyekuwa na kikundi cha maigizo. Nikamkoholea. Hakucheka.

"Dogo, unaiga vizuri," alisema. "Kasuku naye anaiga. Kuigiza ni kitu kingine."

Akanichukua hivyo hivyo. Sisi ni Wasukuma. Babu yangu alihamia Ufipa na ng'ombe wake, na Wafipa ni watani wetu. Kwa hiyo braza aliniita mchunga ndama, na mimi nikamuuliza kama ile radi ya juzi ilitumwa na wachawi wa kwao.

Yeye mwenyewe kuigiza alianza na Yuda. Parokiani Ijumaa Kuu hakuna aliyemtaka Yuda, akajitolea, na akamcheza kiasi kwamba Pasaka mama mmoja wa jumuiya alikataa kumpa mkono wa amani. Alilisimulia hilo kama mtu anayeonyesha cheti. Baadaye akaanzisha kikundi. Tulifanya mazoezi kwenye ghala tupu la mahindi, tukacheza stendi ya Laela juu ya lori la wanunuzi wa nafaka, abiria wakichungulia kwenye madirisha ya mabasi. Mwisho redio ya mjini ikampa nusu saa Jumapili mchana, mchezo auandae mwenyewe. Mvua ya redioni ilikuwa ulezi, aliumimina polepole juu ya ungo. Kijijini kwao Kaoze, mama yake akiisikia mvua ile aliwaambia majirani, "Huo ni ulezi wangu."

Mazoezini braza hakukosa koti lake la kaki. Ukicheza vibaya alipiga viganja mara moja, akainamisha kichwa: "Sijakuamini. Rudia." Wenzangu waliambiwa kwa nadra. Mimi niliizoea kama kiitikio cha kanisani.

Kisha pikipiki ikamwangusha, akitoka Laela kurekodi kelele za stendi. Tukampeleka kwao kumzika.

Msibani mama yake alikaa mkekani, hasemi, hali, halii. Tangu mwili ufike hakuna kilichopita kinywani mwake, hata maji. Shangazi wa marehemu akanivuta nyuma ya jiko, ameshika lile koti.

"Wewe si ndiye Msukuma wake?"

"Ndimi. Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Vaa hili. Watani wengine waliokuja wanajua kuulizia pombe tu. Huyu mama asipotikiswa leo, tutachimba kaburi la pili."

Mtani msibani humwiga marehemu. Ndiyo kazi yake, na haruhusiwi mtu kumkasirikia. Nilishawaona wajomba zangu wakiifanya, nikacheka mpaka mbavu zikauma. Lakini wale marehemu sikuwajua. Koti lilinifika magotini, na lilikuwa bado linanuka yeye.

Nilitokea katikati ya kilio. Nikapiga viganja mara moja. Kilio kikakatika.

"Wewe mzee wa kofia," nilisema kwa sauti yake, "sijakuamini. Unalia huku unaangalia sufuria ya nyama. Rudia."

Nikajua nimeharibu. Kisha yule mzee akafuta macho kwa kofia yake, akajibu taratibu, "Mwongozaji, nyama yenyewe kidogo. Lazima ilindwe."

Watu wakacheka, wengine machozi yakiwa bado mashavuni. Nikatembea kama yeye, mikono nyuma, bega moja chini. Nikachukua ungo wa hewa, nikaimimina mvua yake polepole. Mama akainua kichwa.

"Rudia," alisema.

Lilikuwa neno lake la kwanza. Uwanja wote ukanigeukia.

Nikapiga viganja. Nikasema, "Sijakuamini," na sauti iliyotoka ilikuwa yangu, ya mtoto wa Kisukuma mwenye kamasi. Nikajaribu tena, ikakatikia njiani. Mimi niliyezoea kubeba sauti za watu mfukoni kama karanga, hiyo moja nikaikosa. Nikabaki nimesimama, koti limenizidi, machozi yanakuja bila kuomba ruhusa.

Mama alinitazama, akanitazama tena.

"Si yeye," alisema. Ndipo akalia.

Hakuna aliyemnyamazisha. Alipotulia, shangazi akamsogezea kikombe cha uji wa ulezi. Akapiga funda moja, akapumzika, akapiga lingine. Kisha akapapasa mkeka ubavuni mwake.

"Kaa hapa, mtani," alisema. "Koti usivue."